Ngumi ya Mzee Kaspari

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na shuka jeupe. Saa nimeitundika. Shuka bado naliangalia tu. Jamani, mtu anastaafu kazi ya chumba cha maiti, nanyi mnamzawadia shuka jeupe, jipya, refu la kutosha? Mke wangu alipolikunjua alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Wenzako wamekupima lini?" Nimeliweka juu ya kabati, na halitatandikwa popote nikiwa hai.

Hata hivyo mliniomba niandike niliyoyaona, ili atakayeshika ufunguo asianze kwa kubahatisha kama nilivyoanza mimi, na ahadi ni deni. Habari za vyeo sina, maana mochwari hakuna ngazi ya kupanda. Za mshahara tuziache zipumzike na wengine. Nitawaeleza habari ya misuli, kwa sababu katika miaka yangu yote misuli ndiyo iliyonisumbua, kuliko harufu na kuliko mizimu ambayo mnaniuliza kila siku na sijawahi kuiona.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Ifakara, kwenye hospitali ambayo nyinyi mnaijua na wengine hawana haja ya kuijua. Kabla ya hapo nilikuwa nasukuma machela wodini. Mtangulizi wangu alirudi kwao Mlimba bila kunionyesha chochote, isipokuwa msumari wa kutundikia ufunguo. Asubuhi ya kwanza nikafungua mlango, na pale mezani alikuwa amelala mzee mmoja, mkono wa kulia umesimama juu, kiganja kimenielekea, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni. Inaelekea alikufa ameegemea ukuta akakauka hivyo hivyo. Sasa mimi nimelelewa na watu. Nikasema, "Shikamoo."

Nyuma yangu sauti ikaitikia, "Marahaba."

Dirisha la chumba kile mnalijua lilivyo dogo. Mpaka leo sielewi mabega yangu yalipitaje. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba nilipoisikia ile sauti ikiita, "Wewe kijana, rudi! Mzee hajakujibu, ni mimi!"

Mwenye sauti alikuwa Mwalimu Akwilina, aliyefundisha wauguzi habari za mwili na kazi zake. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya mto. Alinikalisha kwenye benchi la nje, kisha akauliza, "Umeogopa nini?"

"Mkono, Mwalimu. Mtu akifa si analegea?"

"Analegea kwanza. Baadaye anakaza. Halafu analegea tena, na safari hiyo ndiyo ya moja kwa moja. Wewe ni Mndamba?"

"Ndiyo."

"Umewahi kuendesha mtumbwi kwa upondo?"

Nikaona ananitukana. Kumuuliza Mndamba kama amewahi kuchomeka upondo mtoni ni sawa na kumuuliza Msukuma kama amewahi kuona ng'ombe. Lakini alikuwa mkubwa kwangu, nikamjibu kwa heshima kwamba nilianza kabla sijaota meno ya pili.

"Basi wewe utaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu," akasema. "Ndani ya msuli kuna nyuzi, ndani ya nyuzi kuna nyuzi nyingine, ndogo mno hata darubini yetu ya maabara haizioni. Ziko za aina mbili, nene na nyembamba, zimepangwa zikipishana. Ile nene inaitwa mayosini. Huo ndio mtumbwi wako, umejaa wasukumaji pande zote, kila mmoja na upondo wake. Ile nyembamba inaitwa aktini. Hiyo ndiyo sakafu ya mto. Msukumaji anachomeka upondo, anauegemea, mtumbwi unasogea. Anachomoa, anachomeka tena mbele. Nyuzi zenyewe hazifupiki hata kidogo. Zinapishana tu, hii inaingia katikati ya ile, na msuli mzima unakuwa mfupi. Ndivyo unavyokunja mkono kupeleka tonge mdomoni."

"Na nani anawaambia waanze?"

"Kalsiamu, ndugu yake chokaa. Kwenye ule uzi mwembamba, mahali pa kuchomeka upondo pamefunikwa. Neva ikileta amri, kalsiamu inamwagwa, kifuniko kinasogea, pondo zote chini. Amri ikikoma, kalsiamu inazolewa inarudishwa ghalani, na mfuniko unarudi. Sasa niambie wewe mtu wa mto. Kazi kubwa iko wapi, kuchomeka upondo au kuuchomoa?"

Hilo halikuhitaji kufikiri. Tope la Kilombero wakati wa masika ukilichomeka upondo linaumeza, na nimeona watu wazima wakibaki wamening'inia kwenye upondo huku mtumbwi ukienda zake na samaki wao. Nikasema, "Kuchomoa, Mwalimu. Kuchomeka hata mtoto anaweza."

Akapiga mapaja yake kwa furaha. "Haya! Kuna chakula kinaitwa ATP. Msukumaji asipokipata hawezi kuchomoa upondo wake. Watu wanadhani nguvu ni ya kushika. Kushika kunakuja kwenyewe, baba. Nguvu ni ya kuachia. Mtu akifa, jikoni kumezimwa. Akiba ya chakula inakwisha, kalsiamu inavuja na hakuna wa kuizoa, pondo zote zinachomekwa na hakuna wa kuchomoa. Mitumbwi yote imekwama. Ndipo unamkuta mzee wa watu amenyoosha mkono, unamwamkia."

"Na baadaye analegeaje?"

"Uozo. Vimeng'enya vya mwili vinazitafuna nyuzi zenyewe, pondo zinaanguka. Joto linaharakisha, na baridi—"

Hapo kengele ya shule ya wauguzi ikalia, Mwalimu akainuka na chaki zake akaenda. Sentensi ile hakuimaliza, na mimi sikumkumbusha. Mtaona ilikonifikisha.

Baada ya hapo nilijifunza kwa mikono. Taya hukaza mapema, kisha shingo, kisha mikono, miguu mwishoni, na kulegea hufuata njia ile ile. Kwa hiyo funga kidevu kwa bandeji mapema, wala usingoje ndugu wamalize kulia, maana hawatamaliza. Nyoosha mikono ingali laini. Ukichelewa, usivunje kwa nguvu kama mtu anayepasua kuni. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kanda kiungo taratibu, ongea naye kama unapenda, hakuna atakayekusema. Mimi nilikuwa naongea nao sana, kwa sababu walio hai walikuwa wameacha kunipa mkono. Sokoni watu walinisalimia kwa mbali, na kilabuni niliachiwa benchi zima peke yangu. Kazi ina faida zake.

Sasa nije kwa Mzee Kaspari.

Alikuwa Mpogoro, mtu wa Mlabani, na shamba lake la mpunga lilikuwa upande wa Namawala. Mke wake aliitwa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma walioingia bondeni na ng'ombe wao. Hawakujaliwa mtoto, na upande wa mume walikuwa na maneno yao kuhusu hilo, ambayo waliyasema kwa sauti ya chini mpaka siku ile. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, ndege wameshambulia. Asubuhi hiyo Mzee Kaspari alikimbia kwenye matuta akipiga debe na kupiga kelele, akarudi, akakimbia tena, kisha akaketi kwenye tuta kupumzika na hakuinuka. Shemeji zake wa ng'ombe walimleta kwa mkokoteni.

Nilipompokea, mwili ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kukaza, lakini ngumi ya mkono wa kulia ilikuwa tayari imefungwa kama kufuli. Mdogo wake, Salvatori, aliiona kabla yangu. Huyu Salvatori alikuwa mwimbishaji wa kwaya, mtu mrefu, mwenye uchungu wa kweli kwa kaka yake, na uchungu ule ulikuwa unatafuta mahali pa kutua.

"Kaka ameshika kitu," akasema.

Nikamwambia hiyo ni misuli, nikachukua kitambaa cha moto nimfungue.

"Usimguse!" akanguruma. "Ukifungua wewe utasema hakuna kitu, na kitu kitakuwa mfukoni mwako. Kaka amekufa amekunja ngumi kwa sababu anamjua aliyemuua. Nasi tunajua ni nani aliye mgeni katika nyumba ile."

Uani watu wakageuka kumtazama mjane. Kabula alikuwa ameketi kwenye kizingiti, kanga imemfunika kichwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa karibu naye. Niliumia, nasema kweli. Nikatoka nje nikasimama mbele ya ukoo mzima, na kwa kuwa sikuwa na hotuba nyingine, nikawapa ya Mwalimu Akwilina. Nikawaeleza mitumbwi, nikawaeleza pondo, nikawaeleza kwamba ngumi ile si hasira bali ni njaa ya wasukumaji, na kwamba joto la Ifakara litaifungua lenyewe.

Aliyejibu kwanza alikuwa Mzee Komba, fundi viatu wa sokoni. Alikuwa Mngoni, mtani wao, na nyinyi vijana wa siku hizi ambao utani mnaujua kwenye mpira tu, niwakumbushe: mtani akifika msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kumcheka, hata kuzuia mazishi mpaka apewe anachotaka, na mfiwa akikasirika ameaibika yeye. Komba alikuwa ameshavaa kofia ya marehemu. Alikuwa ametembea mwendo wa marehemu uani kote, na alikuwa amepiga zile chafya zake tatu, za enzi za ugoro, kabla Kabula hajamwapisha mumewe kuuacha.

"Ngoja nielewe," akasema. "Ndani ya Mpogoro huyu wamejaa Wandamba wanaendesha mitumbwi?"

"Ni mfano, mzee."

"Ndiyo maana mkaidi! Kila mmoja anakwenda kwake!"

Watu wakaanza kuchekea kwenye kanga. Salvatori akasimama, mishipa imemtoka. "Ndani ya kaka yangu hakuna Mndamba hata mmoja," akasema. "Na nyinyi mnaocheka, sikilizeni. Kesho saa tisa tunazika. Ngumi ikifunguka yenyewe kabla ya hapo, mbele ya macho yetu, na ndani hamna uchawi, basi huyu mwanamke atakaa kwake na mimi nitanyamaza. Isipofunguka, asikanyage makaburini, na nyumbani asirudi. Ndugu zake wamchukue na mkokoteni wao."

"Itafunguka kabla ya adhuhuri," nikasema.

Sikutia shaka hata chembe. Nilikuwa nimeona mamia ya mikono, na kwa joto letu lile mtu wa jana asubuhi leo mchana ni laini kama unga uliokandwa. Watu walipotawanyika, Kabula alinijia.

"Bwana," akasema, "hiyo mitumbwi yako mimi siijui. Kwetu hata mto hakuna. Huo mkono utafunguka au hautafunguka?"

"Utafunguka, mama."

"Na kama ndani kuna kitu kweli?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Kaspari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na visiri vyake." Akajifunika vizuri. "Kaburini nitakwenda, Bwana. Miaka yote nimempikia, halafu wamfukie kama sina habari naye?"

Sasa niwaambie habari ya jokofu. Lilikuwa limekufa tangu kabla sijaajiriwa, na humo ndani tulikuwa tunaweka mafagio. Wiki ile ile, fundi mmoja wa kutoka Mlimba alilifungua, akalitukana, akalipiga nyundo, likaanza kunguruma na kutoa ubaridi wa kweli. Nililifurahia kuliko mtu aliyenunua baiskeli mpya. Nikayatoa mafagio, nikapangusa, nikamheshimu Mzee Kaspari kwa kumfanya mgeni wa kwanza. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikamtoa. Ngumi ilikuwa ngumu kama mchi. Nikagusa taya, ngumu. Shingo, ngumu. Nikakaa kwenye kiti, nikamwangalia, nikamwambia, "Mzee Kaspari, mbona unaniumbua?" Kisha ile sentensi ya benchini ikanijia na mkia wake uliokatika. Joto linaharakisha, na baridi...

Mwalimu Akwilina alikuwa darasani. Niliingia bila kubisha hodi, wanafunzi wakasogea mbali na mlango kama kawaida ya watu wanaponiona.

"Mwalimu! Joto linaharakisha, na baridi inafanya nini?"

Alishusha miwani. "Inachelewesha, mjinga wewe! Wauza samaki wanatafutia nini barafu? Ulidhani nilikuwa nataka kusema nini?"

"Mwalimu, kengele ililia."

"Kengele ililia mwaka gani, na wewe unakuja kuuliza leo?"

Nikamweleza mambo yote, nikamwambia habari ya Kabula na saa tisa. Hasira zikamshuka. Akauliza alikufa akifanya nini, nikamwambia alikuwa akikimbiza ndege, muda mrefu, juani.

"Basi una bahati," akasema. "Mtu wa hivyo anakuwa amemaliza chakula cha misuli kabla hata roho haijatoka. Aliwahi kukaza, atawahi kulegea. Mwache nje ya jokofu, mezani pale pale chini ya mabati, funga dirisha, jua lifanye kazi. Lakini saa tisa hutaiwahi. Pengine jioni, jua likielekea kuzama."

"Na mazishi?"

"Mimi nafundisha misuli," akasema. "Kuchelewesha Wapogoro si somo langu."

Lakini somo hilo lilikuwa na mwalimu wake, na nilijua anapokaa. Nikaenda sokoni mbio. Mzee Komba alikuwa anashona kandambili.

"Shikamoo, Mzee Komba. Nina shida. Naomba mazishi yacheleweshwe."

Aliweka sindano chini polepole. Macho yalimng'aa nikaona yanalengalenga machozi. "Mwanangu," akasema, "tangu nizaliwe watu wananiambia nipunguze. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niongeze. Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lielekee kuzama."

"Yaani mpaka Wandamba washuke kwenye mitumbwi." Akafunga kibanda.

Niliyosimuliwa ni haya, maana mimi nilikuwa nimejifungia na marehemu kwenye tanuri. Jeneza lilikuwa uani nyumbani Mlabani, likisubiri kupelekwa hospitali kumchukua mwenyewe. Watu walipotaka kulibeba, Komba alikuwa amelala ndani yake, mikono kifuani, kofia ya Kaspari usoni. Akasema hatoki bila kuku. Wakaleta kuku. Akasema huyo ni mtetea, Kaspari alikuwa mwanamume, leteni jogoo. Wakaleta jogoo. Akasema hawiki, atajuaje kama ni jogoo? Wakakaa wakimsubiri jogoo awike mchana kweupe. Kisha akamtaka Salvatori aimbe wimbo wa kuwabembeleza watoto. Salvatori akasaga meno, lakini mila ni mila, akaimba, na kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri kweli, Mzee Komba akapitiwa na usingizi humo humo ndani ya jeneza, akakoroma. Padri alipofika na kuuliza kwa nini marehemu anakoroma, watu waliangua kicheko.

Mimi huku nilikuwa nimelowa jasho mpaka soli za viatu. Nilizunguka meza ile, nikigusa taya, nikirudi kukaa. Nilimwomba, nilimkemea, nilimsimulia habari za mto. Jua lilipiga mabati yakawa yanalia. Sikuwa nawaza aibu yangu tena. Nilimwaza yule mama akipandishwa kwenye mkokoteni wakati mumewe anafukiwa. Alasiri, nilipogusa taya, likasogea. Nusura nipige vigelegele. Baadaye kidogo shingo ikakubali, kisha bega. Nikatuma mlinzi wa geti akimbie Mlabani na baiskeli kuwaita.

Walifika na jeneza na vumbi, Salvatori mbele, Mzee Komba nyuma akipangusa makapi ya randa kichwani. Mwalimu Akwilina naye alikuja, akasimama pembeni amefumbata mikono. Kabula aliingia mwisho. Kiwiko kilikuwa kimelegea, lakini ngumi bado.

"Saa tisa imepita zamani," Salvatori akasema.

"Marehemu wa jenezani alikuwa amelala," Komba akajibu. "Nenda kadai saa kwangu."

Sikuigusa ngumi. Nilishika mkono juu ya kifundo, mbele ya macho yao, nikaushusha polepole ukaning'inia nje ya ukingo wa meza. Tukangoja. Nzi mmoja alikuwa anazunguka, na nadhani nilimchukia nzi yule kuliko kiumbe chochote. Kidole kidogo kikashuka. Kabula akavuta pumzi. Kikafuata cha pete, taratibu, kama mtu anayefikiri. Kisha cha kati na cha shahada pamoja, na kiganja kikafunguka.

Kitu kikadondoka kwenye sakafu ya saruji.

Kilikuwa kifurushi kidogo cha nailoni ya bluu, kimefungwa kwa uzi. Mtu mlangoni akasema, "Hirizi!" na mlango ukajaa migongo. Salvatori alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka akagonga jokofu. Mimi mwenyewe, mtaalamu wa mayosini, nilijikuta nalitafuta dirisha kwa macho. Mitumbwi nilikuwa nimeisoma, ila abiria huyu hakuwa kwenye somo.

Aliyeinama alikuwa Kabula. Alikiokota, akakifungua, akakisogeza puani. Kisha akapiga chafya kubwa iliyogonga mabati ikarudisha mwangwi.

"Ugoro," akasema.

Kabula akageuza ile nailoni, akautazama uzi. "Shemeji," akasema, "fundo hili la kurudia, si ndilo unalofungia miguu ya kuku?"

Salvatori alitazama fundo. Akatazama mkono wa kaka yake. Uso mzima ukamvunjika, akaanza kulia kwa sauti. "Aliniomba," akasema. "Asubuhi ile ile. Aliniambia, mdogo wangu, nipe kidogo tu, mke wangu asijue. Nikampa, nikasahau. Mungu wangu, nilisahau kabisa."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Mzee Komba akapaza sauti. "Mpogoro huyu amemgomea malaika mlangoni kwa kumwogopa mkewe!"

Na hapo Kabula akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka huku anacheka, na sikujua ni wakati gani kicheko kiliisha kikabaki kilio. "Alinisikia nakuja," akasema. "Nilikuwa nampelekea uji shambani. Nilimwita nikiwa mbali, Kaspari, Kaspari, hakuitika. Kumbe alikuwa anauficha."

Mwalimu Akwilina alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kabula akafunga tena kile kifurushi, kwa fundo lile lile. Akaushika mkono wa mumewe, akakiweka katikati ya kiganja, akamkunja vidole kimoja kimoja. Havikubisha hata kimoja. "Nenda nao," akamwambia. "Nimeshajua, usihangaike."

Tulimweka kwenye jeneza, nikamfunika kwa shuka jeupe, jipya, la upana wa kutosha. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Wanaume wakajipanga kubeba, Salvatori akashika pembe ya mbele, kisha akaiachia, akampisha mwingine, akaenda kusimama kando ya mlango alipokuwa Kabula.

"Shemeji," akasema, "tangulia wewe."